Dada Yetu Aliyefunga Daraja

Ndugu waombolezaji, wakwe zetu, majirani wa mtaa huu, na ninyi nyote mliofanya naye kazi katika hoteli na katika safari za wageni, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi ni mdogo wake anayemfuata kuzaliwa, na karatasi mliyonayo mkononi niliiandika mimi. Nitaisoma kama ilivyo mpaka mahali fulani, kisha nitaomba mnivumilie, kwa sababu kuna jambo ambalo dada yangu amelaumiwa kwa miaka saba, kwamba aliua kampuni yangu kwa ukaidi wake, na sitaki azikwe na lawama hiyo.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 9 Machi 1968, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa fundi cherehani na muuza vitambaa, na alikulia katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kituo cha treni. Mama alikuwa akisema kwamba hata kutembea alichelewa, wala si kwa udhaifu, alikuwa anasimama, anaitazama sakafu, kisha anakaa tena. Alisoma shule ya msingi ya jirani kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi mwaka 1985, kisha akasomea kazi za hoteli kwa miaka miwili, akahitimu tarehe 25 Novemba 1988, wa pili katika darasa lake, na aliyekuwa wa kwanza tulisikia habari zake nyumbani kwa muda mrefu kuliko tulivyopenda.

Alianza kazi tarehe 2 Januari 1989 katika hoteli ya vyumba sitini, kwanza mapokezi, baadaye akapewa kuongoza wageni waliokwenda kutembelea mapango, na huko ndiko lilikotokea kosa ambalo alilisimulia mwenyewe maisha yake yote bila kujitetea. Tarehe 17 Juni 1991 aliondoka asubuhi na wageni kumi na wanane, wakati wa kurudi akahesabu vichwa ndani ya basi, akapata kumi na nane, basi likaondoka, kumbe kichwa kimoja kilikuwa cha mhudumu wa baa aliyeomba lifti, na mgeni mmoja, mwalimu mstaafu mwenye miguu mibovu, alikuwa amebaki kwenye jiwe kule pangoni akifunga kamba za viatu. Walimkuta baada ya saa tatu, mzima, ana kiu, na hasira zake zilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Tangu siku ile dada hakuhesabu vichwa tena, aliita majina, na kila mgeni alipaswa kujibu kwa mdomo wake, awe mheshimiwa, awe bwana harusi, awe ameshapitiwa na usingizi, na kwa kuwa dereva alikuwa akishawasha injini ndipo yeye anaposema ngoja kwanza, wenzake wakambatiza jina la Mama Ngoja, hata kabla hajapata mtoto.

Mwaka 1993 alitumwa kukagua jiko la hoteli, akalifunga saa tano asubuhi, wageni tisini wakisubiri chakula cha mchana, kwa sababu mpira wa gesi ulikuwa umepasuka na mtu ameufunga kwa kitambaa. Mpishi mkuu alifoka mbele ya wafanyakazi wote kwamba huyu dada ametumwa kumharibia kazi, lakini siku ya pili yake akaja ofisini kwake na sahani ya mayai, akaiweka mezani, akashindwa kusema neno, akaondoka, maana shemeji yetu huyu mnayemwona hapa ni domo zege mpaka leo. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 3 Desemba 1994, na harusi ilichelewa kwa dakika hamsini, kwani bibi harusi alisimama kwenye mlango wa basi akiwa na shela lake, akaita majina ya abiria wote, akiwemo baba mkwe, aliyejibu "nipo" kwa unyenyekevu ambao wanawe hawakuwahi kuuona. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 21 Februari 1996 na kijana aliyezaliwa tarehe 8 Oktoba 1999, na mjukuu mmoja.

Kuanzia mwaka 1998 alikuwa mkuu wa usalama wa hoteli ile ile, kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayeiona, na ndiyo maana wengi walidhani halipwi kwa lolote ila kusumbua watu. Walijua maana yake tarehe 14 Aprili 2004, moto ulipowaka chumba cha kufulia saa nane mchana, wageni mia moja na kumi wakatoka kwa milango aliyokuwa ameing'ang'ania isizibwe na masanduku ya soda, wakasimama kwenye maegesho ya magari, wengine na taulo tu, dada akaita majina, na yote yakaitikiwa.

Mwaka 2009 nilianzisha kampuni yangu ya kutembeza wageni kwenye maporomoko, tukiwa na daraja la miguu la nyaya lenye urefu wa mita sitini, nikamwomba aje anisaidie, akaacha hoteli na cheo chake akaja. Mimi nilikuwa mtu wa "haina shida", yeye mtu wa "nionyeshe", tuligombana kila wiki, na katika miaka saba hakuna mgeni wetu aliyevunjika hata kidole.

Jumamosi tarehe 6 Agosti 2016 tulipokea wageni arobaini na watatu, walioletwa na wakala mkubwa ambaye angetupa wageni wa msimu mzima, wamekwisha kuvaa helmeti, wamepanga foleni, wanapigana picha, na dada akatoka ofisini, akafunga geti la daraja kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akawaambia kuna upepo mkali na hakuna atakayepita. Hata bendera ya getini ilikuwa imelala. Wakala aliondoka na wageni wake kwa hasira na hakurudi, habari zikasambaa, kufikia Machi 2017 kampuni ilikuwa imefungwa, wafanyakazi kumi na mmoja wakarudi nyumbani, na wapo hapa leo. Tangu hapo dada akawa kichekesho, akipita sokoni anaulizwa leo upepo ukoje, na mwaka jana binti yake alipokwenda kuomba kazi ya usalama hotelini, meneja alimuuliza kama ndiye mtoto wa yule mama aliyeona upepo, wakacheka wote waliokuwa mezani, na kazi hakupata. Karatasi yenu, ukurasa wa pili, inasema alifunga daraja kwa sababu ya hali ya hewa.

Mnamo Februari 2021 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali ya mkoa, na wiki ya kwanza tu aliuliza wauguzi mlango wa dharura uko wapi, akaonyeshwa mlango wenye kufuli na vitanda vibovu nyuma yake, akalishikia bango jambo hilo kutoka kitandani mpaka ukafunguliwa. Hali yake ilibadilika mwanzoni mwa mwezi huu, akalazwa, na akafariki dunia Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono mmoja, mimi mwingine.

Sasa naiweka karatasi chini.

Hapakuwa na upepo. Nyaya za daraja zilipaswa kukaguliwa mwezi Julai, fundi wa nyaya akachelewa, wageni walikuwa njiani, nami nikachukua daftari la ukaguzi, nikaandika kwamba nyaya ziko salama, nikatia sahihi ya fundi kwa mkono wangu. Asubuhi ile dada alifungua daftari kama alivyofanya kila siku kabla ya kufungua geti, akautambua mwandiko wangu, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kuandika. Hakupiga kelele, aliandika chini yake "haijakaguliwa", akatia sahihi yake, akaniambia, "Mdogo wangu, ukweli wa hapa utakufunga, na una watoto wadogo, kaa humu ndani, hao wa nje niachie mimi," kisha akatoka akaenda kuutafuta upepo.

Fundi alikuja baada ya wiki tatu, akakuta waya wa upande wa pili umeliwa na kutu kwa ndani, nikamuuliza kama daraja lingewabeba watu wale, akaniambia labda lingewabeba, labda lisingewabeba, na kwamba hilo ni swali la mtu ambaye hakuwa darajani.

Mara mbili nilimwambia dada kwamba nitasema, mara mbili akanikataza, akasema wanangu wamalize shule kwanza, na wa mwisho alimaliza mwaka jana, bado nikakaa kimya, kwa hiyo mwaka huu mzima ukimya ulikuwa wangu peke yangu. Ninyi mlinionea huruma, mkasema maskini dada yake alimponza, mkanipa uenyekiti wa chama cha waongoza wageni, nikaupokea, naye akaja kwenye sherehe, akapiga makofi. Uenyekiti huo naurudisha leo, daftari lile liko hapa mezani, kila mmoja alisome kabla hatujaondoka, na keshokutwa Jumatatu nitalipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya leseni, wafanye wanavyoona inafaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, majirani mliomsindikiza hospitali kwa zamu kwa karibu miaka mitatu, wafanyakazi wenzake wa hoteli, na ninyi kumi na mmoja, ambao kazi zenu niliziua mimi na mkamchukia yeye, nawaomba msamaha, na hata msiponisamehe, mmefanya vizuri kuja. Wewe binti yetu, siku nyingine meneja akikuuliza wewe ni mtoto wa nani, mjibu kwa sauti, na ukitaka shahidi niite mimi mjomba wako.

Dada yangu, nimechelewa sana na unalijua hilo kuliko wote hapa, pumzika sasa kwa amani, upepo ule nimeuchukua mimi.