Goli Ambalo Marehemu Louis Uringi Aliomba Lifutwe

Marehemu Louis Uringi alizaliwa Mahagi tarehe 4 Machi 1958. Alisoma shule ya msingi hukohuko na kupata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari hapa Bunia mwaka 1978. Alifundisha hesabu Fataki, baadaye Bunia, na hakufuta jibu la mwanafunzi ubaoni kabla ya kumwuliza alivyolipata.

Mwaka 1986 alianza kuchezesha mpira kama mwamuzi. Mwaka uliofuata alifunga ndoa na Claudine, akiwa amevaa soksi za uwanjani ndani ya suruali ya harusi, kwani asubuhi hiyo alikuwa na mechi. Mama Claudine, mke wake, hajamaliza kumcheka.

Video za simu hakutaka hata kuzisikia. “Filimbi ikishalia, njo basi,” alisema, yaani imekwisha, uamuzi haubadiliki tena, na ligi ikawafundisha waamuzi wapya maneno hayo.

Tarehe 16 Juni 2019, katika mechi aliyoichezesha, alikubali goli moja. Mji ukasema kipa Yves, kijana wa kutoka Shari, aliuvuta mpira ndani kusudi, kwamba ameuza mechi. Yves aliacha kucheza. Jeanine, binti wa marehemu, alikuwa amerekodi: mpira haukuvuka mstari. Kwa miaka mitano baba yake alikataa kutazama.

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua. Siku moja baada ya chakula alimwambia, “Jeanine, ile video ingali iko? Unionyeshe.” Aliitazama mara tatu, akavaa shati la Jumapili, wakapanda pikipiki hadi Shari.

“Yves, mutoto yangu, nilikukosea. Mupira haukuingia.”

Yves alimletea kiti. Jeanine anakiri kwamba hakuwahi kumwona baba yake akiwa mkubwa namna ile.

Aliiandikia ligi barua tatu, akiomba matokeo yasahihishwe. Walimjibu kwa heshima: “Muzee, ni weye ulitufundisha. Filimbi ikishalia, njo basi.” Alicheka mpaka akakohoa, halafu akalia.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Alikuwa ameagiza kwamba kama daftari la ligi halisahihishwi, basi ukweli uandikwe kwenye karatasi ya mazishi yake.

Ameacha mjane Claudine, watoto Bruce na Jeanine, wajukuu watano, na Yves, aliyelibeba jeneza leo. Basi sisi familia yake tunasoma mbele yenu nyote, kama alivyotaka: goli la tarehe 16 Juni 2019 halikuwa goli. Yves aliudaka mpira.

Sasa Baba anaweza kupumzika kwa amani.