Mshauri Aliyesema Tusihangaike

Assalaam aleikum, na ndugu zetu wa kanisani, salamu kwenu pia. Mwalimu aliyeniita ameniomba niwatie moyo nyie mliomaliza klasi ya kumi na mbili mnaokwenda chuo. Moyo mnao. Mimi kilichonipungukia kilikuwa akili. Basi nitawaeleza nilivyokuwa mjinga, mimi na wajinga wenzangu, na yule mjinga mkubwa tuliyemweka mbele yetu tukamwita Doutor, kama msomi mkubwa. Majina siyataji. La kwake siliachi kwa kumstahi. Sitaki tu litoke kinywani mwangu mbele ya mama yangu.

Wengi wenu hapa Quitunda mnanijua. Nilikuwa nimesoma miaka miwili ya ualimu wa jiografia kule kusini, na nafaulu vizuri. Halafu chuo kikafungua skola mpya, yaani kitivo, ya uhandisi, tukaambiwa anayetaka anaweza kuhamia. Ndugu zangu, nawaambia kweli, uhandisi sikuutaka. Nililitaka jina lake. Wilaya yetu nzima ya Palma wakati ule ilizungumza gesi ya baharini tu, na mimi nilishajiona na kofia ngumu kichwani, napita mbele ya wasichana niliosoma nao ili wanione.

Kila anayehama alipewa mshauri wa masomo. Kazi ya mtu huyo si kubwa. Akae nawe, atazame masomo uliyokwisha faulu, aseme yapi yanakubaliwa kule unakokwenda na yapi hayakubaliwi, akuandikie mpango, autie saini. Basi. Wetu alikuja mkutanoni amechelewa, ananukia manukato, simu mbili mkononi, akatuambia, "Mtahama na masomo yenu yote. Msihangaike."

Tukampigia makofi. Mtu hajafanya kitu, tunampigia makofi.

Mwenzetu mmoja akasimama. Alikuwa mama wa makamo kutoka bara, uwandani kwa Wamakonde, mwenye watoto wakubwa, na Kireno chake kilikuwa cha kupindapinda. Sisi tulikuwa tukimwita Vovó, yaani bibi. Akauliza, "Doutor, hilo la kuhama na masomo yetu limeandikwa wapi? Na anayetia saini ni nani?"

Yule bwana akatabasamu. "Mama, hapa si sokoni. Hatupimiani muhogo."

Darasa zima likacheka. Nami nilicheka kuwashinda wote, mpaka nikashika meza. Nilijua Kireno kizuri, kwa hiyo nilidhani nina akili.

Ofisini kwake niliingia mara moja. Aliniuliza natoka wapi, nikasema Palma. "Ah, watu wa gesi," akasema, macho kwenye simu. "Wewe ingia mwaka wa tatu moja kwa moja. Utaweza." Hakufungua karatasi ya alama zangu. Ilikuwa mezani, mbele ya kiwiko chake. Nilitoka pale nimefurahi kama mtu aliyesomewa dua.

Mnataka kujua nilivyoweza? Nilikaa katika madarasa ya fizikia kama mgeni kwenye ngoma asiyoijua. Hesabu ya mwaka wa kwanza sikuwahi kuisoma, na kila kitu kilisimama juu ya hesabu hiyo. Nilikuwa nanakili ubaoni nisichokielewa, kwa mwandiko mzuri sana. Katikati ya mwaka ikabandikwa orodha. Mimi niliandikwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Masomo yangu ya miaka miwili hayakukubaliwa hata moja, kwa sababu hakuna aliyeyaombea kibali. Ya mwaka wa tatu yakafutwa, kwa kuwa sikuwa na haki ya kuyasoma. Na kitanda changu cha bweni akapewa mwingine.

Nikamwendea. Alinisikiliza amesimama mlangoni, funguo mkononi.

"Lakini Doutor, wewe ndiye uliyeniambia niingie mwaka wa tatu."

"Mimi nilikushauri tu," akasema. "Kushauri si kuamua. Hapa kila mtu ni mtu mzima."

Akafunga mlango akaenda kula.

Nikarudi nyumbani. Sasa sikilizeni, maana hapa sina wa kumlaumu. Nilimwambia mama kuwa chuo kiko likizo. Likizo ikawa mwezi, ikawa miezi mitatu. Majirani wananiita enjenyera, yaani mhandisi, nami naitika. Mama anatoka alfajiri kwenda kupalilia mihogo, enjenyera amelala.

Siku moja mzee jirani yetu akaja kuniita. Alikuwa amejijengea jiko la matofali uani, kwa mikono yake, na ukuta mmoja ulikuwa umepasuka tangu chini hadi juu. "Mwanangu, wewe msomi wa mambo haya. Nitazamie."

Sikujua chochote kuhusu kuta. Ningeweza kusema hivyo. Ni maneno mawili tu, sijui baba. Badala yake nikazunguka lile jiko, nikagonga hapa, nikagonga pale, nikakunja uso. Nikamwambia, "Hauna neno. Usihangaike."

Mvua zilipokuja ukuta ukaanguka. Mkewe alikuwa ametoka kuchota maji, masufuria ndiyo yaliyobaki chini ya matofali. Ni mapenzi ya Mungu tu kwamba hatukuzika mtu.

Yule mzee alikuja asubuhi yake. Hakuja kugomba. Alisimama kizingitini, viatu vimejaa matope, akasema taratibu, "Mwanangu, ulisema hauna neno."

Nami nikamjibu, na mama yangu anasikia, "Mimi nilikushauri tu, mzee."

Ndugu zangu, niliyasikia maneno yale yakitoka kinywani mwangu nikaitambua sauti ya Doutor. Miezi yote ile nilikuwa namdharau yule bwana, usiku na mchana, kumdharau ndiyo ilikuwa kazi yangu ya pekee. Kumbe nimesoma kwake na nimefaulu. Somo lake ndilo pekee nililolielewa.

Nikapiga magoti pale pale matopeni nikamwomba mzee radhi. Nikamwambia kuwa mimi si mhandisi, sina hata somo moja. Halafu nikageuka nikamwambia mama yote.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa akimenya muhogo, akaendelea kumenya. Akaniuliza, "Katika darasa lile zima, hakuna hata mmoja aliyeuliza swali?"

"Aliuliza mmoja."

"Mkamfanya nini?"

"Tulimcheka."

"Basi nenda kwa huyo."

Nilikwenda. Nilimkuta Vovó amekaa kwenye ngazi za skola mpya na kijitabu cha kanuni za chuo, kimejaa alama za penseli. Siku ile baada ya mkutano alikuwa ameacha kumngoja mshauri. Alikwenda sekretaria, ofisi ya karatasi za chuo, akaomba kanuni, akazisoma na kamusi, akatafuta mwalimu mwingine wa kumwandikia mpango. Yeye alikuwa anaendelea. Sisi wenye Kireno kizuri tulikuwa tumetawanyika.

Nikaanza kuomba msamaha kwa maneno marefu. Akanikata. "Nilikusikia ulivyocheka. Kaa chini tusome."

Tulisoma siku tatu. Kijitabuni mlikuwa na kifungu kinachomruhusu mwanafunzi aliyehamishwa vibaya kukata rufaa, kama muda haujapita. Ulikuwa haujapita, ila ulikuwa karibu. Akanipeleka kwa yule mwalimu wake, mama mkavu asiyecheka, akazitazama alama zangu mchana kutwa, somo baada ya somo. "Hili hapana. Hili hapana. Hili ndiyo." Yalikubaliwa matatu. Niliona raha ya ajabu kukataliwa na mtu aliyesoma kwanza.

Nikaanza tena mwaka wa kwanza, na watoto wadogo kuliko mimi, ile hesabu nikailamba kama dawa chungu. Nimemaliza. Mzee, jiko lako la sasa umelijenga mwenyewe, lakini msingi nimeupima mimi, na safari hii nilijua ninachopima.

Yule bwana? Amepandishwa cheo. Sasa anawafundisha washauri wenzake jinsi ya kushauri. Msishangae.

Namshukuru mama. Namshukuru mzee aliyekubali radhi yangu bila kunitangaza kijijini. Nawashukuru wale akina mama wawili wa chuoni, yule mkavu na yule wa bara, ambaye sasa namwita dada, jina ambalo lilikuwa haki yake tangu siku ya kwanza.

Nyie vijana, funzo langu ni fupi. Anayewaambia kitu bila kufungua karatasi zenu hajawashauri, amewafukuza kwa adabu. Na mwenzenu akisimama kuuliza kwa Kireno kibovu, nyamazeni, mlisikilize jibu atakalopewa, kwa sababu ni lenu pia.

Ofisi ya matrikula, ya kujiandikisha, inafunguliwa Jumatatu. Mwende wawili wawili; mmoja azungumze, mwingine aandike.