Bibi Nyuzi na Miaka Ishirini na Saba ya Joto la Seva

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi alasiri, fundi wetu mkuu wa seva anarudisha funguo baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi katika hospitali hii. Tunamwita Bibi Nyuzi, kwa sababu kila asubuhi, salamu hazijaisha, alikuwa ameshauliza joto la seva: "Nyuzi ngapi leo?"

Aliajiriwa kama mpiga chapa wa masjala. Kumbukumbu za wagonjwa zilipohamishwa kutoka kwenye majalada ya karatasi kwenda kwenye seva, kompyuta kuu yenye mfumo wa Linux, hakuna aliyetaka kukaa katika chumba kile chenye baridi ya kiyoyozi na kelele za feni. Akapelekwa yeye, ashikilie kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo ndizo zinazokwisha sasa.

Alijifundisha mwenyewe. Asubuhi na alasiri aliandika amri moja ya kuita vipimo, sensors, na seva ikamtolea safu za namba: joto la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, joto la ubao wake mkuu, mizunguko ya feni. Alizinakili zote kwenye daftari. Madaftari yamefika arobaini na moja, na mtunza stoo bado analidai kabati lake.

Safu moja ilisoma nyuzi 127 tangu siku ya kwanza. Ilikuwa ya kipimo kisichounganishwa na kitu chochote, tukaizoea kama utani. Ubaya ni kwamba tulizoea kuzipuuza na zile nyingine.

Miaka tisa iliyopita, Jumatatu saa tano asubuhi, prosesa ilipanda kutoka nyuzi 52 hadi 88, na safu ya feni ikasoma sifuri. Alinipigia simu mimi, msimamizi wake. Nikamwambia, "Dada, vipimo vyako vinadanganya kila siku. Foleni imefika getini. Usiguse kitu."

Akajibu, "Kinachodanganya ni kimoja, kaka. Hiki hakijawahi." Akaizima seva.

Kwa saa tatu mapokezi waliandika kwa kalamu. Wagonjwa walifoka, muuguzi mkuu akafoka zaidi, nami nikaandika barua ya onyo kabla hata sijashuka kuangalia. Tulipofungua kasha la seva, feni ilikuwa imekwama kwa vumbi. Angengoja, seva ingejizima yenyewe katikati ya kuhifadhi, na kumbukumbu za watu zingeharibika. Halikupotea jalada hata moja.

Barua niliifuta wiki ile ile. Kumwomba radhi kulinichukua miaka miwili. Alinisikiliza, akasema, "Yamepita, kaka. Ila siku ile nilichoka, na uchovu wenyewe haujaisha." Wakati huo alikuwa ameshaiondoa ile safu ya uongo kwenye mipangilio ya kila seva, ili namba zinazobaki ziaminike. Hakuna aliyemtuma.

Amechoka kweli. Miguu inavimba. Kelele za feni zimempunguzia usikivu. Mumewe anasema siku hizi nyumbani wanaongea kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Tulipomuuliza tumfanyie nini, alisema hataki hotuba, anataka kiti. Basi hotuba tumeifupisha, na kiti kipo, chenye mto wa kuegemea.

Asante, dada, kwa kutuvumilia. Nenda ukakae. Tunakutakia miguu iliyopumzika, asubuhi zisizo na haraka, na wajukuu wanaokusogelea karibu kabla ya kukusemesha.