Mtoto Wangu Haongei: Aibu Niliyovuliwa Stendi ya Nzega

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Mama zangu mlioketi huku mbele, shikamooni. Mimi ni Mama Kabula, wa hapa hapa Ntalikwa. Leo sikai chini mpaka nimesema.

Kabula ni huyu niliyemshika mkono, mtoto wetu wa kwanza. Alitambaa vizuri, akatembea mapema, ila maneno hayakuja. Wenzake wakaanza kuita mama, kuomba maji, kugombana. Wangu alinivuta kanga na kunyoosha kidole tu. Akatimiza miaka miwili, akaelekea mitatu, kimya.

Ndugu zangu, aibu ile naijua mimi! Siku moja bombani jirani aliniuliza mbele za watu, "Mama Kabula, kwenu kuna mabubu?" Nikacheka kama vile ni utani, lakini njia nzima ndoo ilinishinda kichwani. Tangu hapo nikawa nateka maji jua la utosi, wakati bombani hakuna mtu. Kanisani nilikaa karibu na mlango, na mtu akimsalimia mtoto namjibia haraka, "Ana haya huyu." Baadaye nikaacha kabisa kuja. Mlinitumia watu, nikasema naumwa mgongo.

Baba yake ni dereva wa lori, njia ya Mwanza. Kila akipiga simu anasema, "Hebu mpe Kabula nimsikie." Namwambia amelala. Saa nne asubuhi, eti amelala! Na mtoto yupo miguuni pangu ananitazama.

Nilifunga, nikaomba, nikalia. Lakini naona haya kuyasema maombi yenyewe. Nilikuwa naomba watu wasijue.

Basi mama mkwe wangu, aliyeko Igunga, akaagiza apelekewe mjukuu amwone. Ndani ya basi nilimnong'oneza Kabula safari nzima, "Sema shikamoo bibi. Sema shikamoo." Anaitazama midomo yangu tu. Nzega tukashuka kubadili gari. Nikamwachia mkono nipokee begi kutoka kwenye buti. Kugeuka, mtoto hayupo!

Stendi ile mnaijua, mabasi yanaingia na kutoka, malori, bodaboda. Niliita mpaka sauti ikakauka. Nikamkimbilia baba mmoja anayetangaza safari kwa kipaza sauti.

"Kavaa nini?"

"Gauni la njano. Anaitwa Kabula."

"Akiulizwa jina anaweza kusema?"

Watu walikuwa wameshakusanyika, macho yote kwangu. Nikaitikia kwa kichwa. Ndugu zangu, mwanangu kapotea, na mimi bado naona aibu! Yule baba akatangaza kwamba anatafutwa mtoto Kabula, gauni la njano, jina lake analijua.

Tukangoja. Ndipo akaja mama mmoja muuza mchele, akamwambia mtangazaji, "Kuna mtoto kule kwetu, naye ana gauni la njano, ila siye mnayemtafuta. Tumemuuliza jina weee, kimya! Yule ni bubu. Tunataka kumpeleka polisi."

"Ndiye!" nikapiga kelele. "Ndiye wangu! Mtoto wangu haongei!"

Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, kipo usoni pangu. Stendi nzima ilisikia. Haongei!

Nikasubiri ardhi inimeze. Haikunimeza. Kondakta aliendelea kuita abiria wa Singida. Mtu aliyekuwa anamenya muwa akaendelea kumenya muwa wake. Kumbe ndiyo hilo tu! Nilisimama pale machozi yananitoka, nikasikia mwili mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Aliyenitua ni Bwana, siyo mwingine!

Kabula nilimkuta juu ya gunia, anamimina mchele kutoka kiganja hiki kwenda kile. Aliponiona akanyoosha mikono. Yule mama akaniambia, "Wangu wa pili naye alichelewa hivi hivi. Kampime masikio, dada. Na uwe unaongea naye." Neno hilo la mwisho lilinichoma. Kwa aibu, hata mimi nilikuwa siongei naye. Nilikuwa namlisha kimya, namwogesha kimya, namlaza kimya.

Igunga sikungoja kuulizwa. Nilipiga magoti nikamwamkia mama mkwe, na kabla hajamaliza kuitikia marahaba nikasema, "Mama, Kabula bado haongei."

Akampakata mjukuu wake. "Najua, mwanangu. Mumeo kaniambia siku nyingi. Anaogopa kukuuliza asije akakuumiza, ndiyo maana anaomba tu amsikie kwenye simu."

Ndugu zangu, tulilia wote wawili!

Hospitali walimpima, wakakuta masikio yanasikia. Wakanifundisha nimwongeleshe katika kila ninachofanya, polepole, kisha nimpe nafasi. Nikawa nasonga ugali namwambia, nafua namwambia. Majirani wakasema Mama Kabula sasa anaongea peke yake. Wiki zikapita bila jibu, siku nyingine nikakata tamaa kabisa. Halafu asubuhi moja nammiminia maji kikombeni, nikasikia, "Maji." Kikombe kilinitoka mkononi! Juzi baba yake alilisikia neno hilo kwenye simu. Ilibidi aegeshe lori pembeni, maana barabara alikuwa haioni kwa machozi.

Sikuja kuwaambia kwamba Kabula anaimba kwaya. Ana maneno machache, na mengine nayaelewa mimi peke yangu. Pengine atachelewa bado, sijui. Nimekuja kumshukuru Mungu aliyenifuata nilikojificha, akanitoa mbele za watu wote. Na wewe mama ambaye leo umemwacha mtoto ndani kwa sababu ya macho yetu, Jumapili ijayo mlete. Mwamini Bwana, mlete! Yeye hajamwonea mtoto wako aibu hata siku moja.

Nina ombi moja, ndugu zangu. Tukitoka hapo nje, msimsalimie Kabula kupitia kwangu, kwa maana sitamjibia tena. Inameni, msalimieni yeye mwenyewe. Halafu mngojeni.

Amina.