Jumamosi Isiyo na Mechi

OREST: Nani huyo? Paza sauti, niko ziwani, mtandao wa huku una mafua!

LARYSA: Baba, ni mimi.

OREST: Mimi nani?

LARYSA: Una mabinti wangapi, Baba? Larysa!

OREST: Ahaa, bibi harusi! Hujambo mwanangu? Mbona sauti yako inakuja vipande vipande? Ngoja nisogee mlangoni... [mtandao unakwaruza] ...haya, sema sasa.

LARYSA: Sijambo. Wewe je, hujaganda huko?

OREST: Nigande vipi? Nina kibanda, nina jiko, nina kahawa, nina tundu langu kwenye barafu. Samaki tu ndio hawataki kupanda. Nadhani na wao wamegoma.

LARYSA: Yaani siku hizi umehamia ziwani kabisa.

OREST: Sasa niende wapi? Nyumbani mama yako na wenzake wa kanisani wamejaa jikoni wanajaza viazi kwenye perohi, viandazi vya kuchemsha vya harusi yako. Nikidokoa moja, napigwa kofi mkononi. Nikiwasha televisheni, watu wanapika keki! Huo ndio mchezo wa Jumamosi usiku siku hizi, keki! Tangu majani yaanguke hakuna hoki ya barafuni nchi hii—

LARYSA: Baba, nilitaka kukuuliza—

OREST: —wenye timu wamewafungia wachezaji milango, wachezaji nao wamenuna, kila mtu na wakili wake! Mwenye bilioni analia kwamba mwenye milioni anamnyonya! Mimi niliyesukuma theluji na greda mpaka mgongo ukapinda, nani alinililia?

LARYSA: Hakuna, Baba.

OREST: Hakuna! Juzi nimemwona mmoja anatoka mkutanoni, koti la manyoya mpaka kwenye visigino, anasema, "Tunawaomba mashabiki wawe wavumilivu." Sisi! Tulioivumilia ile timu yake inayofungwa hata na wagonjwa! Nani ana uvumilivu kutushinda sisi?

LARYSA: Baba, hapo nyuma yako kuna redio.

OREST: Redio? Wapi?

LARYSA: Naisikia. Mtu anasoma habari za michezo.

OREST: Aa, hiyo. Ni ya mjomba wako Nestor, kibanda cha jirani. Anaifungulia utadhani kiziwi.

LARYSA: Mjomba Nestor yuko hapa kwangu. Anamaliza biskuti zangu.

OREST: Basi kaiacha inaimba peke yake. Mtu mwenyewe unamjua, hana akili.

LARYSA: Kwa hiyo umesikia.

OREST: Nimesikia nini?

LARYSA: Baba.

OREST: Kidogo. Mtandao—

LARYSA: Redio haina mtandao. Wamepatana. Wamesaini alfajiri.

OREST: Wasaini, wasisaini, mimi inanihusu nini? Nilishamalizana nao! Si ulikuwepo mezani siku ya Krismasi? Niliapa mbele ya kila mtu, uwanjani sikanyagi tena. Na ile jezi nikaipeleka ghalani, paka alalie.

LARYSA: Sasa hivi umevaa nini?

OREST: Koti.

LARYSA: Na chini ya koti?

OREST: ...Kuna baridi huku, Larysa!

LARYSA: Haya. Na ratiba je, wametangaza?

OREST: Mimi nitajuaje? Watu wanasemasema tu.

LARYSA: Wanasemaje?

OREST: Kwamba mechi ya kwanza iko kwetu. Nyumbani.

LARYSA: Lini?

OREST: Jumamosi.

LARYSA: Jumamosi ipi?

OREST: [mkwaruzo mrefu]

LARYSA: Huo si mtandao, Baba. Unasugua simu kwenye koti.

OREST: ...Jumamosi ijayo. Saa moja jioni.

LARYSA: Jumamosi ijayo kuna nini kingine?

OREST: Mwanangu, usinihoji kama polisi. Najua kuna harusi. Nimeshonesha suti!

LARYSA: Na nani alichagua tarehe?

OREST: Tulikaa, tukazungumza, wote kwa pamoja—

LARYSA: Wote? Corbin alitaka Juni. Mimi nilitaka Juni. Mama wa watu alishaota maua ya Juni. Nani alisimama akagonga glasi akasema, "Hoki mwaka huu imekufa, Mungu katupa Jumamosi za bure, mtoto aolewe Januari kabla hawa wapumbavu hawajapatana"? Nani?

OREST: Nilikuwa nimekunywa. Halafu Juni huwa kuna fainali.

LARYSA: Timu yetu? Fainali?

OREST: Sasa hapo unanitukana.

LARYSA: Naolewa nimevaa mabuti ndani ya gauni, Baba! Nyuzi joto ziko chini kabisa ya sifuri, kwa sababu ya Jumamosi zako za bure!

OREST: Nani alijua watapatana? Mimi niliwaamini! Niliamini ujinga wao! Watu wameshindwa kuelewana vuli nzima, leo hii ndio wanakumbuka kushikana mikono? Hawana hata aibu!

LARYSA: Tangu asubuhi simu yangu haijatulia. Unajua nani alipiga wa kwanza? Padri.

OREST: Padri? Alisemaje?

LARYSA: Aliuliza kama tunazipenda sana zile nyimbo ndefu.

OREST: [anacheka] Mtu wa Mungu yule!

LARYSA: Usicheke! Mpiga kodiani naye kasema ana mafua. Mafua ya Jumamosi ijayo, ameshayaona yanakuja. Mama mkwe kauliza kama ukumbini kuna televisheni kubwa, eti ya kuonyeshea picha zetu za utotoni.

OREST: Hilo si wazo baya.

LARYSA: Baba!

OREST: Picha! Nasema picha tu!

LARYSA: Wote wamepiga. Mtu mmoja tu ndiye aliyekaa kimya. Nikajipa moyo, labda baba yangu hajasikia.

OREST: Nilikuwa na samaki.

LARYSA: Si umesema hawapandi?

OREST: Larysa, sikiliza. Nimefikiria tu, wala si lazima. Kanisani ni saa nane. Padri mwenyewe kasema atapunguza nyimbo, saa tisa mmeshakuwa mke na mume. Mnakula. Hotuba yangu naifupisha, nasema "Corbin, umtunze," nakaa. Halafu wakati watu wanajaza sahani mara ya pili, mimi na Nestor tunachomoka mara moja—

LARYSA: Mara moja? Mpaka mjini, kwenye theluji, mechi nzima, na kurudi?

OREST: Kwenye keki tungekuwepo!

LARYSA: Na ngoma ya baba na binti?

OREST: Tungeicheza mapema.

LARYSA: Mapema lini? Madhabahuni?

OREST: Mimi nimesema nimefikiria tu.

LARYSA: Siku niliyozaliwa ulikuwa wapi?

OREST: Ah, hilo nilishaomba radhi! Na ulikuwa muda wa nyongeza, ningetokaje?

LARYSA: Mahafali yangu?

OREST: Yale yaliangukia kwenye mtoano. Mwalimu mkuu mwenyewe hakuwepo!

LARYSA: Na kile kiti?

OREST: Kiti gani tena?

LARYSA: Babu alituachia tiketi za kila msimu, viti viwili. Kwenye wosia aliziandika kabla hata ya shamba. Kimoja chako, cha pili nilikuwa nakaa mimi. Ulikuwa unanibebea mto ili nione juu ya vichwa vya watu. Unakumbuka?

OREST: Nakumbuka.

LARYSA: Timu ikafungwa. Ikafungwa tena. Ikafungwa. Asubuhi moja ukamwambia Mama, mimi nakusikia, "Huyu mtoto ana nuksi." Kiti akapewa mjomba Nestor.

OREST: Mwanangu, ule ni ushabiki, kila mtu ana mambo yake. Hata mimi nilibadilisha soksi!

LARYSA: Soksi uliziruhusu kurudi.

OREST: Larysa, mwanangu...

LARYSA: Alipokaa mjomba Nestor, walianza kushinda?

OREST: ...Hapana.

LARYSA: Hapana. Nilikuwa nasikiliza redio chumbani, najifunika blanketi Mama asinione. Mechi zote. Nalijua kila goli tulilofungwa. Na niseme ukweli, uliniumiza. Sikuumia kwa ajili ya hoki. Niliumia kwa sababu ulikuwa unaondoka na mjomba, unapiga honi, unanipungia mkono.

OREST: [mtandao unakwaruza kwa mbali]

LARYSA: Baba? Upo?

OREST: Nipo. Ngoja. [redio inanyamaza] Nimeizima.

LARYSA: Ya mjomba Nestor?

OREST: Yangu. Sasa nisikilize. Nakuja harusini. Nitafika kanisani kabla ya padri. Nitakushika mkono mpaka mbele, na ngoma tutacheza mpaka soli zitoboke. Wafunge, wafungwe, sitauliza hata matokeo.

LARYSA: Hata kumnong'oneza mhudumu wa baa?

OREST: Hata yeye! Akinifuata kuniambia, nitamziba mdomo kwa perohi. Mimi ni mjinga, Larysa, lakini si mjinga kiasi hicho.

LARYSA: Na tiketi zako?

OREST: Za kazi gani? Nitampa mtu wa karakana.

LARYSA: Ngoja. Kumbe unazo? Si ulisema Krismasi ile ile ulizichana?

OREST: Nilichana bahasha.

LARYSA: [anacheka] Baba wewe!

OREST: Lakini niliichana kwa hasira!

LARYSA: Basi usimpe mtu wa karakana. Nipe mimi.

OREST: Wewe? Bibi harusi? Za nini?

LARYSA: Zawadi yangu ya harusi.

OREST: Nimeshakununulia mashine ya kufulia!

LARYSA: Irudishe dukani. Mimi nataka zile mbili.

OREST: Utamuuzia nani? Kama ni yule jirani yenu, simpendi—

LARYSA: Unanipa, hunipi?

OREST: Chukua. Ziko ndani ya kopo la unga wa ngano, juu ya kabati.

LARYSA: Kwa hiari yako?

OREST: Kwa hiari yangu. Mungu ananiona. Zako.

LARYSA: Mjomba, umesikia? ... Anasema amesikia. Asante, Baba. Nakupenda sana. Sasa nikuambie kitu kingine, usianguke kwenye hilo tundu lako.

OREST: Nini tena?

LARYSA: Harusi ni Jumapili.

OREST: Jumapili ipi?

LARYSA: Siku inayofuata. Padri amekubali, ukumbi upo wazi, mpiga kodiani amepona ghafla. Tumehamisha leo asubuhi. Nilikuwa nakupigia kukuambia hivyo tu, ukaanza habari za samaki.

OREST: Jumapili? Kwa hiyo Jumamosi... Larysa! Mwanangu! Malaika wangu! Kumbe unamjua baba yako! Oo, nilijua mimi sikuzaa mtoto mjinga! Basi Jumamosi nakupitia saa kumi, tunakula soseji pale nje ya uwanja, kama zamani, mimi na—

LARYSA: Baba. Viti ni viwili.

OREST: Ndiyo, viwili! Mimi na wewe!

LARYSA: Mimi na Corbin.

OREST: [kikombe cha kahawa kinaanguka]

LARYSA: Haloo?

OREST: Corbin? Corbin ni mtu wa Calgary, mahasimu wetu! Babu yako angefufuka! Anakaa kwenye kiti cha babu yako na kushangilia Calgary?

LARYSA: Anaingia kwenye ukoo, atajifunza kuteseka kama sisi.

OREST: Na Nestor? Nestor ndiye mwenye kile kiti! Hawezi kukubali!

LARYSA: Ameshakubali. Alilia kidogo, akachukua biskuti nyingine.

OREST: Larysa, mama, tuongee kama watu wazima. Mashine ya kufulia baki nayo. Nakuongezea na ya kukaushia. Nipe kimoja tu, hata nikae nyuma ya nguzo—

LARYSA: Halafu Jumamosi una kazi. Shangazi zake Corbin wanatua uwanja wa ndege, wote watatu, nimekupa wewe ukawapokee.

OREST: Saa ngapi?

LARYSA: Saa moja jioni.

OREST: Saa moja jioni!

LARYSA: Wanapenda kuongea. Hoki hawaijui kabisa, wanasema inawapa kizunguzungu, kwa hiyo garini usiwawashie kelele zozote. Waonyeshe mji taratibu.

OREST: Larysa! Haloo! Mwanangu, nihurumie—

LARYSA: Baba, unakatika.

OREST: Sikatiki! Nakusikia vizuri kabisa!

LARYSA: Unakatika, Baba. Jumapili, saa nane. Usichelewe.