Gobore la Baba Nthiwa

Kijiwe chetu cha Riruta ni benchi moja mbele ya kibanda cha kahawa cha Wangui, kando ya Naivasha Road. Mimi hukaa mwisho wa benchi na mtoto mgongoni, nikisikiliza. Alhamisi Nthiwa alileta karatasi kubwa yenye matundu. Alikuwa amejaribu gobore aliloachiwa na marehemu baba yake, bunduki ya kushindiliwa baruti na marisau, zile punje za risasi, kupitia mdomoni. Kibali chake kinaisha. Chama cha bunduki za zamani kitamtetea ikiwa kwenye jaribio la Jumamosi marisau yatatua pamoja kwenye shabaha. Yakitawanyika, gobore linakwenda kwa polisi likayeyushwe. Na kwenye karatasi yalikuwa yametawanyika kama mtama wa kuku, katikati peupe.

Injinia, fundi wa majiko ya gesi, alisema baruti imezidi. Kanali, anayelinda geti la jumba moja Westlands, akasema haitoshi. Walibishana mpaka kahawa ikapoa.

— Shida ni kizibo, Injinia akasema. Unatenganisha baruti na marisau kwa gazeti. Gazeti ni laini. Weka ngozi ya kiatu.

— Kiatu cha nani?

— Chako, Kanali. Hicho si kilishakufa?

Kanali hakukasirika. Alieleza kwamba kazini kwake mgeni mkorofi husindikizwa mpaka mlangoni, kwa hiyo marisau nayo yasindikizwe, yakiwa ndani ya soksi. Injinia akaona soksi itashika moto. Afadhali yakandwe ndani ya ugali baridi, yatoke kama tonge.

— Ugali mgumu ama laini? Kanali akauliza.

— Wa jana, buda. Huo haumeguki.

Wangui akasema unga wake hauendi kwa bunduki. Nthiwa alikuwa akiitikia kila kitu kwa kichwa, kama mgonjwa mbele ya madaktari wawili.

Ndipo mama yake akafika. Alikuwa ametoka Machakos asubuhi hiyo, aione bunduki ya mumewe kabla ya Jumamosi. Akaomba karatasi, akaitazama kwa muda.

— Nthiwa, baba yako alikuwa anashindilia na nini?

Nthiwa akamwangalia Injinia. Injinia akamwangalia Kanali.

— Sijui, mwaitu, akamwambia mama yake.

— Si mlikuwa mnaenda pamoja?

— Mimi nilikuwa nabeba kanga wa porini aliowapiga.

Mama akaikunja karatasi polepole, akaketi kati yao.

— Na mimi nilikuwa nawapika, akasema.