Selpha Awuor Njau na Povu Lililostahimili Mafuta

Bwana Mchungaji, shemeji yangu Bedan, watoto, majirani wa Murera na wageni wote, mimi ni Dalmas Ouma, mdogo wake Selpha, na familia imenituma niwasomee maisha yake, nisome kwa sauti ya kufika nyuma ya hema.

Selpha alizaliwa tarehe 12 Machi 1967 huko Ugenya, kifungua mimba katika watoto watano, na mwaka 1971 familia ikahamia Thika, baba alipoajiriwa kwenye kiwanda cha mananasi. Alianza shule ya msingi mwaka 1974, akamaliza kidato cha nne mwaka 1984, akapata diploma ya kemia mjini Nairobi mwaka 1988.

Mwaka 1989 aliajiriwa na kiwanda kimoja cha sabuni hapo Thika, kazi yake ikiwa kupima povu linadumu muda gani, na hapo ndipo alipomkuta Bedan Njau, fundi bomba, ambaye alirudi mara tatu kutengeneza bomba ambalo, kwa kukiri kwake mwenyewe, lilikuwa zima. Walifunga ndoa huko Kimbo tarehe 16 Desemba 1995, mama mkwe wake, Magdalene, akampokea kwa kumwita mwari wakwa, yaani binti yangu kwa Kikuyu, na Mungu akawajalia Beth mwaka 1997 na Mitchell mwaka 2000.

Mwaka 2015 maabara moja ya Ruiru ilitafuta mtu anayelijua povu, ikamwajiri Selpha. Mafuta yaliyo chini ya ardhi hukaa ndani ya mwamba, na gesi ikisukumwa huko ili iyatoe, hukimbilia penye matundu makubwa, ikaacha mafuta mengi kwenye matundu madogo, kwa hiyo wahandisi walitaka povu la kuziba zile njia rahisi ili gesi ilazimike kupita kwingine. Wale vijana wenye digrii walicheka walipomwona, mmoja akamwambia, "Mama, hapa hatufui nguo," naye akajibu, "Najua, ndiyo maana mmekwama."

Povu lao lilipendeza sana kwenye maji ya mfereji, lakini Selpha alipolijaribu kwa maji ya chumvi na mafuta ghafi, yakiwa moto kama yalivyo kisimani, lilikufa kwa dakika moja. Mwishoni mwa Mei 2017 wageni wenye mradi walitarajiwa baada ya wiki mbili, meneja akamsihi awaonyeshe lile la maji safi, la sivyo arudi kiwandani. Dada yangu alisema, "Basi nitarudi, lakini siwezi kudanganya watu kwa povu." Alimwambia Bedan jioni hiyo, naye Bedan akamjibu, "Tulikula kabla ya Ruiru, tutakula baadaye."

Meneja hakuwa na mwingine, akamwachia zile wiki mbili. Selpha alijaribu michanganyiko thelathini na saba, hadi alipotia kidogo ile sabuni laini ya shampuu aliyoizoea kiwandani, na siku ya Ijumaa, tarehe 9 Juni 2017, mbele ya wageni, gesi iliposukumwa kwenye vipande viwili vya mwamba, povu lilikaa, gesi ikaacha kipande cha mwamba chenye matundu makubwa, na kwenye kile cha matundu madogo mafuta meusi yakaanza kudondoka. Selpha alipiga kigelegele, na yule kijana wa digrii akamwinua juu pamoja na koti lake la maabara. Mwaka uliofuata alifanywa mkuu wa maabara, cheo alichokishika hadi alipostaafu mwaka 2023.

Mwezi wa Februari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akaugua kwa uvumilivu, akiwafundisha wauguzi wodini kwa maji ya kuoshea mikono kwa nini povu hupasuka, na tarehe 3 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akatutoka huku Beth akimsimulia kichekesho, na alikuwa ametabasamu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Thika, majirani wa Murera waliotuletea maji na kuni, wenzake wa kiwandani, na ninyi vijana wa maabara mliokuja na makoti yenu meupe, kwa kuwa angefurahi mno kuwaona.

Dada, shemeji na watoto tuko nao. Lala kwa amani, Nyar Ugenya, binti wa Ugenya, umetufurahisha.